Siku ya Nne: Jinsi Utumbo Ulioshonwa Unavyopona

Mhadhara kwa wananchi wa Mbulu na Hanang, uliotolewa Katesh

 

Nianze na swali ambalo limewahi kunikosanisha na wazee wengi wa huku kwetu. Asubuhi daktari anapita wodini na wauguzi, anafika kwenye kitanda cha mzee aliyepasuliwa tumbo juzi. Kabla hata ya kuuliza maumivu yakoje, anamwinamia na kuuliza, "Mzee, umetoa hewa?" Pembeni ameketi mkwe wa mzee huyo, ameshika chupa ya uji. Mzee anageuzia uso ukutani. Kwetu, mtu mzima haulizwi habari za hewa mbele ya mkwe, na daktari aliyesoma miaka mingi alitakiwa kulijua hilo. Mmoja niliyemuuliza hivyo aliniangalia kwa muda, akamgeukia mjukuu wake wa kiume, akasema: "Mwambie daktari kwamba mnada umefunguliwa." Toka siku ile na mimi nauliza hivyohivyo, na wakwe hawaelewi tunaongea nini.

Tunauliza kwa sababu utumbo ukishashikwa na mikono ya daktari huzira. Unalala. Utumbo mwembamba huamka mapema, mara nyingi ndani ya siku moja. Tumbo la chakula hufuata baada ya siku moja au mbili. Utumbo mpana ndio mvivu, huchukua siku mbili hadi tatu. Hewa ikitoka, tunajua njia yote imeamka. Lakini kuamka si kupona, na leo nataka niwaeleze tofauti ya mambo hayo mawili, maana watu wetu wengi huchanganya hapo, na hata sisi madaktari tumewahi kuchanganya.

Twende mnadani kwanza. Kila mtu hapa amekula supu ya utumbo, na akina mama mnajua kazi ya kuuosha. Chukua kipande cha utumbo mwembamba wa kondoo, kigeuze ndani nje, ukikwangue taratibu kwa mgongo wa kisu. Kwanza unatoka ute pamoja na ule utando laini ulio kama taulo: hapo ndipo chakula kinapofyonzwa. Ukigeuza tena na kukwangua upande wa nje, unatoka utando unaong'aa, kisha nyama, yaani misuli inayosukuma chakula. Baada ya hapo unabaki na kitu cheupe, chembamba kama karatasi, ambacho unaweza kukivuta kwa nguvu na kisikatike. Hilo ndilo tabaka la kati. Wazungu hujaza nyama humo na kutengeneza soseji.

Nikiwauliza wanafunzi uzi wa daktari unashika wapi, wengi wanajibu kwenye misuli, kwa sababu misuli ndiyo minene. Hapana. Misuli ya utumbo ukiishona peke yake uzi unaipasua kama unavyopasua nyama iliyochemka. William Halsted, daktari wa Marekani, alilichunguza jambo hili kwa mbwa kule Baltimore, na mwaka 1887 akaandika kwamba sindano isipolipata tabaka la kati, mshono hauna pa kujishikiza. Tabaka hilo limefumwa kwa kolajeni, protini ngumu yenye nyuzinyuzi ambayo ndiyo pia inayotengeneza kano. Wahadzabe wa Yaeda Chini wanaposokota kamba ya upinde kwa kano za mnyama, wanatumia kolajeni ileile. Wanaijua nguvu yake kuliko mimi.

Tena kuna jambo moja la kuchekesha. Kwa muda mrefu uzi uliotumika sana hospitalini ulikuwa unatengenezwa kwa tabaka hilohilo la utumbo wa kondoo, likakaushwa na kusokotwa. Kwa hiyo tulikuwa tunamshona binadamu utumbo kwa utumbo wa kondoo, na mwili wake ukaumeng'enya uzi huo polepole kama chakula. Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Andalusia, karne ya 10, aliandika kuhusu uzi wa namna hiyo. Aliandika pia kuhusu kufunga utumbo kwa vichwa vya siafu: unashikisha kingo mbili pamoja, siafu anauma, unamkata kiwiliwili, kichwa kinabaki kimebana. Siku hizi nyuzi nyingi ni za kiwandani, huyeyuka zenyewe baada ya wiki kadhaa au miezi.

Sasa sikilizeni kalenda ya kidonda chenyewe.

Ndani ya saa chache baada ya kushona, damu na majimaji ya mwili huganda juu ya mshono na kuuziba kama gundi. Gundi hiyo hushika vizuri zaidi pale ambapo utando wa nje unagusana na utando wa nje. Hilo aliligundua Mfaransa kijana, Antoine Lembert, mwaka 1826. Kabla yake wengi walikuwa wanakutanisha kingo zilizokatwa zikitazamana, na wagonjwa wanakufa. Ndiyo maana koromeo la chakula kifuani na sehemu ya chini kabisa ya utumbo mpana hutuogopesha: huko utando huo wa nje haupo.

Siku ya kwanza hadi ya tatu askari wa mwili huingia kwenye kidonda. Wanasafisha seli zilizokufa na bakteria, na katika kusafisha huko wanamwaga vimeng'enya vinavyoila kolajeni ya zamani kandokando ya mshono. Mmewahi kukarabati nyumba ya udongo? Fundi hapaki udongo mpya juu ya ule uliobanduka. Anakwangua kwanza, na siku anapokwangua ukuta unakuwa mwembamba kuliko ulivyokuwa kabla hajaja. Utumbo hufanya vivyo hivyo. Siku ya tatu na ya nne ukuta wake pale paliposhonwa ni dhaifu kuliko siku ya kwanza, na kinachouzuia usiachie ni uzi peke yake.

Baada ya hapo huanza ujenzi. Kwenye ngozi, kolajeni mpya hutengenezwa na aina moja ya seli. Kwenye utumbo, hata seli za misuli hushiriki, na ndiyo maana utumbo huiacha ngozi nyuma: kufikia mwisho wa juma la kwanza au katikati ya la pili, mshono uliokwenda vizuri unakuwa umerudisha sehemu kubwa ya nguvu zake. Utando wa ndani ukiwa umekutanishwa sawasawa hujifunika mapema zaidi, ndani ya siku tatu hivi.

Tatizo ni kwamba mgonjwa haisomi kalenda hiyo. Siku ya nne mpira wa puani umetolewa, dripu imetolewa, anatembea hadi bafuni, mnada umefunguliwa, anataka kwenda nyumbani. Ndugu wanahesabu gharama. Kama ni msimu wa kuvuna maharage, ndiyo kabisa. Mtu anaonekana mzima siku ileile ambayo ndani yake kuna uzi tu. Mshono ukiachia, mara nyingi hujitokeza kati ya siku ya tano na ya saba, na dalili yake ya kwanza huwa ndogo: mapigo ya moyo yanapanda bila sababu. Homa, tumbo kuwa gumu na maumivu makali hufuata baadaye. Nesi anayehesabu mapigo usiku na kuamka kumwita daktari kwa sababu yamefika 120 ameokoa watu wengi kuliko wanavyojua.

Nitawaambia na la kwangu. Nikiwa bado kijana, katika hospitali ambayo sitaitaja, aliletwa mzee ambaye utumbo wake mpana ulikuwa umejisokota. Ugonjwa huu mnaujua: choo kimefunga, hewa haitoki, tumbo limejaa kama ngoma. Kuna watu waliozaliwa na kitanzi kirefu cha utumbo upande wa kushoto chini, na kitanzi hicho hujizungusha juu ya shingo yake. Wenye umri mkubwa mnakumbuka mifuko ya rambo kabla haijapigwa marufuku mwaka 2019: unauzungusha mdomo wake mara mbili, hewa inabaki ndani, hakuna kinachoingia wala kutoka. Kwenye utumbo, shingo hiyo ndimo inamopita mishipa ya damu. Ikibanwa kwa saa nyingi, utumbo hugeuka kutoka waridi kuwa zambarau, na kutoka zambarau kuwa mweusi.

Daktari akilifungua tumbo hukunjua kitanzi, hufunika utumbo kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na husubiri. Dakika chache hizo ni ndefu. Rangi ikirudi, vizuri. Isiporudi, kipande kinakatwa, na hapo ndipo uamuzi ulipo: kuunganisha ncha mbili siku hiyohiyo, au kutoa ncha moja nje ya ngozi, mgonjwa awe anajisaidia kwenye mfuko ubavuni kwa miezi kadhaa, halafu kuunganisha baadaye mwili ukiwa na nguvu. Hiyo ndiyo kolostomi. Namna moja yake hubeba jina la Mfaransa Henri Hartmann, aliyeieleza mwaka 1921.

Mzee wangu alikuwa amekaa na ugonjwa siku mbili kabla ya kufika. Alikuwa ametokea mbali, mvua za masika zilikuwa zimekata barabara. Kipande kilikuwa cheusi. Kabla ya kuingia thieta alikuwa amenishika mkono: nisimtoboe ubavu, hawezi kukaa baraza la wazee na choo chake kiunoni. Nikamsikiliza. Niliunganisha. Damu yake ilikuwa ndogo, tumbo lilikuwa na usaha kidogo, lakini mshono ulionekana mzuri, na nilijisifu moyoni. Siku ya tano alikuwa na mapigo 130. Tulimrudisha thieta usiku, mshono ulikuwa umeachia, na hakuiona siku ya saba. Sikukosa ufundi wa kushona. Nilikosa kumwambia mzee yule kwamba utumbo hauponi kwa sababu daktari ameshona vizuri, unapona kwa damu inayoufikia.

Maana damu ndiyo jambo la kwanza. Mshono usiopata damu hauna fundi wala udongo wa kujengea. Ndiyo maana upana wa nchi hii unaingia hadi ndani ya thieta. Kutoka Bassodesh au vijiji vya bonde la Yaeda hadi kwa mtu mwenye kisu ni safari ya saa nyingi wakati wa kiangazi, na wakati wa masika Mungu ndiye anayejua. Walutheri wa Norwei walipofungua hospitali ya Haydom mwaka 1955, kwenye uwanda huu wa Mbulu, kulikuwa na watu waliowaona wamechagua porini. Dk. Ole Halgrim Evjen Olsen aliyefika huko mwaka 1961 na kuiongoza kwa takriban miaka 40 alijenga hospitali kubwa huko huko porini, na uwanja wa ndege ndogo ukawa sehemu yake. Hesabu ya saa inaonyesha kwamba walichagua vizuri. Utumbo uliojisokota unaweza kuoza kabla gari halijafika Arusha, umbali wa kilomita 300 hivi.

Homa ya matumbo nayo huhesabu saa. Bakteria wake huchimba mwisho wa utumbo mwembamba, na katika juma la tatu la ugonjwa panaweza kutoboka. Madaktari wa Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2012 habari za wagonjwa 104 waliotobolewa utumbo na homa hiyo. Zaidi ya mmoja kati ya kila watano alifariki, na kuchelewa kufika lilikuwa moja ya mambo yaliyowaua. Maji ya kisima yangewasaidia kuliko kisu chetu.

Jambo la pili ni kile mgonjwa alichokula, na simaanishi jana. Namaanisha mwaka mzima. Kolajeni hutengenezwa kwa protini, na bila vitamini C haisokotwi ikashikana. Mabaharia wa zamani waliokaa miezi bila matunda walifunguka makovu ya majeraha yaliyopona miaka mingi nyuma, na mwaka 1747 daktari wa meli James Lind akaonyesha kwamba machungwa na malimau huwaponya. Mtu anayeingia thieta mwezi wa Februari, ghala likiwa linakaribia kuisha, akiwa amekula ugali na chumvi kwa wiki kadhaa, anaingia na mfuko mtupu wa ujenzi. Mayai, dagaa, maharage, maziwa, papai na mapera kabla ya upasuaji uliopangwa, kwa mfano wa kufunga kolostomi, vina thamani kuliko dripu yoyote ninayoweza kumtundikia baadaye.

Na hapa Haydom imetufundisha jambo zito. Kuanzia mwaka 2009, eneo lile lilikuwa mojawapo ya maeneo manane duniani, katika nchi kama Bangladesh, Peru na Nepal, ambako watoto walifuatiliwa tangu kuzaliwa: walichokula, walichougua, kilichokuwa kwenye choo chao. Ilionekana kwamba watoto wengi hubeba vijidudu tumboni hata siku ambazo hawaharishi. Utumbo unaoishi hivyo huvimba polepole, ule utando ulio kama taulo hupungua urefu, na chakula kizuri hupita bila kufyonzwa chote. Mtoto anadumaa. Baadaye palifanyika jaribio hukohuko la kuwapa watoto wachanga dawa za kuua vijidudu na vitamini, halikuwaongezea urefu. Mimi hulisoma jibu hilo hivi: kuna kidonda cha utumbo ambacho hakuna aliyekikata, na huwezi kukiponya kwa vidonge huku maji, choo na mifugo vikiwa palepale. Watoto hao ndio wagonjwa wangu wa kesho.

Naomba niseme kuhusu chakula baada ya upasuaji, maana hapo nimebadili mawazo na napenda kukiri. Tulifundishwa kumnyima mgonjwa kila kitu mdomoni mpaka hewa itoke, ili "kupumzisha utumbo". Lakini fikirini: mate, maji ya tumbo, nyongo, na majimaji ya kongosho na ya utumbo wenyewe kwa siku hufika lita 7 hivi kwa mtu mzima. Theluthi ya debe! Hata usipokula tonge, mengi ya hayo hupita juu ya mshono. Tulikuwa tunapumzisha nini? Toka miaka ya 1990 Henrik Kehlet wa Denmark na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa wengi waliopangiwa upasuaji hupona upesi wakianza kunywa na kula mapema na kuinuka kitandani mapema. Seli za utando wa utumbo nazo hula kutoka kwenye kile kinachopita ndani yake. Zile za utumbo mpana hupenda sana asidi ambazo bakteria hutengeneza kutokana na makapi ya mboga na nafaka. Kwa hiyo siku hizi, kwa mgonjwa aliyefika mapema na tumbo safi, uji mwepesi siku inayofuata ni halali. Kwa yule aliyefika na tumbo lililojaa usaha, bado nasubiri. Makande yasubiri kwa wote. Sina ugomvi na makande, nimelelewa nayo, ila ganda la mahindi si la siku ya nne.

Makapi hayo yana historia ya kwetu. Denis Burkitt, Mwairish aliyefanya upasuaji Uganda toka mwaka 1946 hadi miaka ya 60, aliona kwamba magonjwa fulani ya utumbo yaliyojaa Uingereza hayaonekani katika hospitali ya Mulago, akayahusisha na chakula chetu chenye makapi mengi. Nakubaliana naye kwa mengi. Lakini utumbo mpana mrefu unaojaa na kujisokota ni wa kwetu pia, na wengi wanaamini kwamba chakula hichohicho kina mkono wake.

Mawili ya haraka. Ugoro: nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na sigara imethibitika kuharibu mishono ya utumbo. Wazee, ugoro una nikotini hiyohiyo. Acheni angalau wiki kadhaa kabla na baada. Na dawa za maumivu za kundi la diklofenaki zinazouzwa kila duka: baadhi ya tafiti zinazihusisha na mshono wa utumbo kuachia. Usijinunulie, muulize aliyekupasua.

La mwisho linahusu ukuta wa tumbo, kwa sababu watu huuchanganya na utumbo. Utumbo ukishapita wiki mbili salama, umemaliza sehemu kubwa ya safari. Ukuta wa tumbo, ile ngozi ngumu nyeupe iliyo chini ya mafuta, ndio kwanza unaanza. Huchukua miezi, na haurudi kamwe kwenye nguvu zake zote. Gunia la mahindi lisibebwe kabla ya wiki 6, na hata baada ya hapo anza na debe. Ngiri nyingi ninazoshona hapa zimetoka kwenye kovu la mtu aliyekuwa shujaa wa mavuno.

Miaka michache iliyopita nilimpasua mama mmoja kwa ajili ya kujifungua. Kovu la zamani lilikuwa limemkata tumbo kutoka kitovuni hadi chini, pana na limevimba kama kamba ya katani. Alipokuwa msichana homa ya matumbo ilimtoboa utumbo, akashonwa. Mtoto alipotoka na kulia, nikasema ngoja nitafute mshono ule wa zamani. Sikuuona. Uzi ulikuwa umeyeyuka miaka mingi iliyopita. Nikapitisha utumbo taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, kipande baada ya kipande, na karibu na mwisho wake nikaupata: unene mdogo chini ya vidole, na juu yake mstari mweupe mwembamba kama uzi wa buibui. Nesi aliniuliza natafuta nini, nikamwambia asogee aguse.